Madaftari Mawili ya Kamwokya: Jeraha la Kichwa na Ulevi wa Vijana

Tiba ya kisasa imemgawa kijana wa Kamwokya katika madaftari mawili. La kwanza liko Mulago, hospitali ya taifa ya rufaa ambayo mtu huifikia kwa miguu akifuata Barabara ya Mawanda, na humo huandikwa mifupa iliyovunjika, ngozi iliyochanika na vichwa vilivyopasuka. La pili liko Butabika, upande mwingine kabisa wa Kampala, karibu na ufuko wa Ziwa Viktoria, katika hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955 na yenye kitengo chake cha waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Kati ya daftari moja na jingine inaweza kupita miaka miwili, mitano au kumi, na kwa kuwa jina la ugonjwa limekwisha kubadilika, ni rahisi sana pasiwepo mtu wa kukumbuka kuuliza kama mgonjwa ni yuleyule. Mgawanyo huu haukutokana na uzembe wa hospitali hizo, maana ndivyo udaktari ulivyopangwa karibu duniani kote, fundi wa fuvu akikaa kwake na mtaalamu wa akili akikaa kwake. Hata hivyo, katika mtaa ambao pikipiki na pombe kali hukutana kila usiku, gharama ya mgawanyo huo haibaki kwenye karatasi.

Yafaa istilahi zieleweke kwanza. Jeraha la ubongo linalozungumziwa hapa ni lile linaloletwa na nguvu ya nje: pigo, mwanguko au mgongano. Ubongo wa mwanadamu ni kitu laini mno, haupitwi sana ulaini na matooke yaliyopondwa, nao huelea katika majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kilichokuwa kikienda kwa kasi kinaposimama ghafla juu ya lami, fuvu husimama lakini ubongo huendelea na safari yake kwa kitambo kidogo, ukajigonga mbele, ukarudi ukajigonga nyuma, na katika kule kujipinda zile nyuzi ndefu zinazounganisha sehemu moja na nyingine huvutika, hata nyingine zikakatika. Si lazima fuvu lipasuke wala damu ionekane. Ukali wa jeraha hupimwa kwa kipimo kilichobuniwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett katika mji wa Glasgow, Scotland, ambacho humpa mgonjwa alama kwa jinsi anavyofumbua macho, anavyojibu kwa maneno na anavyosogeza viungo, jumla yake ikiwa kati ya 3 na 15. Mwenye alama 13 hadi 15 huhesabiwa kuwa na jeraha jepesi, ambalo mara nyingi huitwa mtikisiko wa ubongo, na walio wengi kabisa huangukia hapo. Neno hilo, jepesi, limewapotosha watu kuliko pengine neno jingine lolote la tiba ya ajali, kwa sababu linapima hatari ya usiku ule na halisemi lolote juu ya mwaka unaofuata. Wengi hupona katika wiki chache, lakini wapo wanaobaki na dalili kwa miezi na miaka, hasa wale waliopigwa tena kabla pigo la kwanza halijapona.

Sehemu ya ubongo inayoumia kwa urahisi ni ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso na juu ya matundu ya macho, kwani sakafu ya fuvu mahali hapo ina matuta na kingo za mfupa zinazoukwaruza ubongo unapoteleza juu yake. Kazi ya sehemu hiyo ni kuzuia, kupima na kungoja: ndiyo inayomfanya mtu ameze neno alilotaka kulitamka, aache kununua alichokitamani, aondoke kilabuni kabla fedha ya kodi ya chumba haijaisha. Waendesha bodaboda wataielewa upesi ikiitwa breki. Tena ndiyo ya mwisho kukomaa, ukuaji wake ukiendelea mpaka mtu akaribie miaka 25, hivyo kijana wa miaka 17 anayeumia hapo anaharibiwa kitu ambacho bado mafundi walikuwa hawajakikabidhi. Ndani zaidi kuna mkondo wa dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuwekea alama jambo lenye faida ili lirudiwe. Pombe, bangi na mairungi, ile miraa ya Wakenya, kila kimoja kwa njia yake huufikia mkondo huo, na jeraha linaweza kuuvuruga. Ikiwa kinachomsukuma mtu kwenye raha kimevurugwa, na kinachomrudisha nyuma kimelegea kwa pigo lile lile, hakuna haja ya nadharia ngumu kueleza kwa nini glasi ya tatu huifuata ya pili.

Dalili zinazobaki hazionekani kwa macho, na hapo ndipo kijana anapoanza kupoteza watu. Kichwa humuuma kila jioni, akiinuka haraka hupatwa na kile ambacho Waganda hukiita kamunguluze, kizunguzungu cha kumfanya ashike ukuta, usingizi humkimbia, na kelele za soko la Kamwokya, ambazo amekua nazo, humchoma kama sindano. Kwenye steji, yaani kituo cha bodaboda, wenzake huanza kuona mambo madogo madogo: amemrudishia abiria chenji mara mbili, amemsahau mteja wake wa kila asubuhi kule Kololo, amemjia juu mzee aliyeuliza nauli kwa upole. Aliyekuwa mcheshi amekuwa mtu wa hasira za ghafla, na hasira zikishuka huomba radhi mno, kiasi cha kuwatia wenzake shaka zaidi. Jamaa zake hawana picha ya ubongo wake, wala hawakuambiwa siku ya kumtoa hospitali kwamba mabadiliko ya hulka yanaweza kuwa sehemu ya ugonjwa. Basi husema amekuwa mulalu, neno la Kiganda la mwendawazimu, au amerogwa, au ameharibika tu. Katika hali hiyo chupa hujitokeza na kufanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyejitolea kuifanya. Humlaza, hunyamazisha maumivu kwa saa mbili tatu, na humpa kikao ambamo hakuna anayemtaka akumbuke kitu. Wataalamu huita jambo hili kujitibu kwa kilevi, nayo ni tiba ya mkopo wenye riba kubwa, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa huzidiwa na kiasi kidogo cha pombe kuliko zamani, huchelewa kupona ukinyweshwa, na huwa mwepesi zaidi kupata kifafa, ugonjwa ambao tayari humnyemelea aliyeumia vibaya kichwani na ambao Waganda huuita ensimbu na kuuzungushia hofu na aibu za aina yake.

Kamwokya ni mahali ambapo kilevi hakitafutwi mbali. Mtaa huo umekaa bondeni, chini ya Kololo yenye balozi na mikahawa ya Acacia Avenue, ukipakana na Bukoto na Mulago, na umaarufu wake nchini umetokana zaidi na muziki na siasa, kwa kuwa ndipo alipokulia Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, na ndipo kundi lake la Firebase lilipoota mizizi. Vijana wenyewe huuita geto, tena kwa fahari, ingawa neno hilo hilo hutumika pia kwa chumba kimoja au kibanda ambamo wanakutana kucheza karata, kusikiliza muziki na kuvuta njaga, yaani bangi. Mairungi huuzwa yakiwa yamefungwa kwa majani ya mgomba ili yasinyauke. Lakini kilevi kinachotawala ni waragi, pombe kali inayokenekwa, ndugu wa gongo ya Tanzania na chang'aa ya Kenya, ambayo Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilijaribu kuifungia ndani ya leseni na kiwanda, huku mitungi ya vijijini ikiendelea kuchemka kama vile hakuna kilichotungwa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba mwaka 2016 kila Mganda mwenye umri wa miaka 15 na zaidi alikunywa kwa wastani lita 9.5 za kileo halisi, wakati wastani wa kanda ya Afrika ulikuwa lita 6.3. Na katika uchunguzi wa mwaka 2014 uliowahoji vijana 1,134 wa makazi duni ya Kampala, wenye umri wa miaka 12 hadi 18 na waliokuwa wakihudhuria vituo vya shirika la Uganda Youth Development Link, takriban 3 kati ya kila 10 walikuwa wamekunywa pombe katika mwaka uliotangulia.

Kwa miaka mingi mlango wa kuingilia ulikuwa kaveera, kile kipakiti cha plastiki cha waragi kilichouzwa kwa bei ya andazi na kuingia katika mfuko wa shati la shule bila kuonekana. Kenya ilivipiga marufuku vipakiti vya namna hiyo mwaka 2004, Tanzania ikafuata Machi 1, 2017 kwa kuviondoa viroba sokoni, na Uganda ikaja mwaka 2019 kwa kukataza pombe kali kufungashwa katika ujazo usiofika mililita 200. Hatua hiyo ilikuwa ya maana, na yeyote aliyeona mifereji ya Kampala ilivyokuwa imezibwa na plastiki zile atakubali. Ila chupa ndogo ya plastiki ilichukua nafasi upesi, na muswada wa kudhibiti saa za kuuza pombe, uliopelekwa bungeni mwaka 2023 na Sarah Opendi, mbunge mwanamke wa Tororo, haukupata kibali cha Bunge. Kuhusu bangi na mairungi serikali imechagua njia ya jinai: sheria ya dawa za kulevya ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023 kwa kuwa ilipitishwa bila akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa, ikapitishwa upya na Bunge mwaka huohuo ikiwa na makali yale yale. Sheria hiyo, ikimkuta kijana wa Kamwokya na msokoto mkononi, haina kifungu cha kuuliza kichwa chake kimepatwa na nini.

Mpaka hapa maelezo yamekwenda upande mmoja, kutoka pigo kwenda chupani. Njia ina upande wa pili, nao ni mfupi zaidi: aliyelewa huanguka, hugongwa, hupigana. Hapo kuna hatari ambayo wakazi wa mitaa ya namna hii huijua kwa matokeo yake bila kuijua kwa jina. Kijana ameanguka na pikipiki saa saba za usiku, akasimama, akajipangusa, akasema hajaumia, akaenda kuketi barazani kwa rafiki. Nusu saa baadaye maneno yake yanaanza kuvutika, anatapika, kisha analala na kukoroma. Waragi inamnuka kutoka hatua tatu. Mwenye busara katika kundi husema, muacheni alale, pombe itamtoka asubuhi. Kumbe mshipa wa damu uliochanika kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo umekuwa ukivuja muda wote huo, damu ikijikusanya na kuusukuma ubongo taratibu. Kile kitambo cha kuzungumza vizuri na kujipangusa kilikuwa kipindi cha nafuu, ambacho madaktari wanakifahamu sana na wanakiogopa. Mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko ya pili, kutapika kusikokoma, usingizi usioamshika kwa kutikiswa na kuitwa jina, upande mmoja wa mwili kuwa mzito kuliko mwingine: hizo ni dalili za kumpeleka mtu Mulago usiku uleule, awe amelewa au hakulewa. Upasuaji unaookoa maisha katika hali hiyo umekuwapo Mulago tangu kitengo cha upasuaji wa ubongo kilipoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, enzi za Ian Bailey na Jovan Kiryabwire, Mganda wa kwanza kubobea katika fani hiyo, na tangu mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani kimekuwa kikishirikiana na hospitali hiyo katika vifaa na mafunzo. Kutoka baraza la Kamwokya hadi mlango huo, mara nyingi kinachomchelewesha mgonjwa ni harufu ya pombe kuliko umbali.

Swali la kipi kilitangulia limewasumbua watafiti kwa muda mrefu, na halijibiwi kwa kuhesabu walevi wenye makovu. Huenda kijana anayependa hatari ndiye anayekimbiza pikipiki na ndiye anayekunywa kupita kiasi, kwa hiyo tabia moja ikazaa yote mawili bila jeraha kusababisha ulevi. Huenda pia umaskini na kipigo cha nyumbani ndivyo vilivyozaa vyote. Njia mojawapo ya kulitatua fumbo ni kuwafuatilia watoto tangu kuzaliwa. Katika mji wa Christchurch, New Zealand, watoto 1,265 waliozaliwa mwaka 1977 wamefuatiliwa hadi utu uzima, na Audrey McKinlay na wenzake waliochambua kumbukumbu hizo walikuta kwamba waliolazwa hospitalini kwa jeraha la kichwa wangali wadogo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuingia katika matatizo ya vilevi na ya sheria walipokua, hata baada ya hali ya familia kuzingatiwa. Njia nyingine ni kuwalinganisha ndugu wa tumbo moja, waliolala chumba kimoja na kula chungu kimoja. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu watu zaidi ya milioni moja waliozaliwa kati ya 1973 na 1985, ulifanya hivyo, na ulionyesha kwamba walioumia ubongo kabla ya miaka 25 walifanya vibaya kuliko ndugu zao wasioumia katika elimu, afya ya akili na hata urefu wa maisha, ijapokuwa pengo lilikuwa dogo kuliko pale walipolinganishwa na watu baki. Upungufu huo wa pengo una maana yake: sehemu ya lawama ni ya nyumba na mtaa, na sehemu ni ya pigo lenyewe.

Ushahidi ulio safi zaidi, na ambao pengine ungestahili kujulikana kuliko wote, umetoka kwa panya. Panya hana mtaa wala rafiki wa geto, hana baba mlevi, wala hapendi mwendo wa kasi, hivyo akibadilika baada ya kupigwa, kilichombadilisha ni pigo. Zachary Weil na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, waliwajeruhi panya wadogo kwa kipimo, wakawaacha wakue, kisha wakawapa pombe. Majike walioumia utotoni walikunywa zaidi kuliko wenzao wasioumia. Kwamba ilikuwa majike ni jambo la kusimamia kidogo, kwa kuwa mjadala wa Kampala juu ya vichwa vilivyopigwa huwa ni mjadala wa wanaume na pikipiki zao.

Hesabu za polisi zinatoa sababu ya kufikiri hivyo. Mwaka 2024 ajali za barabarani nchini Uganda ziliua watu zaidi ya 5,000, waendesha pikipiki na abiria wao wakiwa sehemu kubwa. Kanuni ya kuvaa helmeti, kofia ngumu ya kukinga kichwa, ipo tangu mwaka 2004, na uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi uliochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hiyo hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Kampuni ya SafeBoda ilipoanza Kampala mwaka 2014, ikiwa na kofia ya pili kwa ajili ya abiria, ilionekana kuwa jambo geni. Bado mpita njia wa Barabara ya Kira ataona kofia nyingi zikining'inia kwenye usukani, au zimevaliwa bila mkanda wa kidevuni kufungwa, jambo ambalo faida yake ni kumridhisha askari. Na abiria, hasa mwanamke aliyetoka kusukwa nywele asubuhi ileile, ataikataa ile aliyoivaa mtu asiyemjua, kwa sababu ambazo mtu muungwana hawezi kuziita za kipuuzi.

Lakini pikipiki ni chanzo kimoja tu. Kuna mwanamke anayepigishwa kichwa ukutani na mwenzi wake ndani ya chumba kimoja cha kupanga, ambaye haingii katika hesabu ya ajali wala, mara nyingi, katika hesabu ya kitu chochote. Kuna kijana aliyeshikwa na simu isiyo yake na kuangukia mikononi mwa umati wenye matofali. Kuna rungu la askari. Kuna ngumi za ulingoni, mchezo unaopendwa sana Kampala na ambao, kwa ukweli wake, lengo lake ni kuutikisa ubongo wa mwenzako. Kuna mtoto aliyeanguka kwenye ukingo wa mfereji akiwa na miaka minne, akalia, akabembelezwa, akasahaulika. Kuna hata majeraha yasiyo na pigo, maana kileo chenyewe ni sumu ya ubongo, na kikichanganywa na methanoli, ile spiriti ya viwandani, huua au hupofusha, kama ilivyotokea Kabale mwaka 2010 ambapo makumi ya watu walikufa kwa waragi ya namna hiyo. Wanaovuta mafuta ya ndege kwa kitambaa, kama wafanyavyo baadhi ya watoto wa mitaani wa Kampala, wanaujeruhi ubongo kwa mkono wao wenyewe kabla pikipiki haijawagusa.

Ikiwa jeraha limo ndani ya ulevi, tiba ya ulevi inapaswa kulijua, na hapa pana uzembe wa fani nzima. Ushauri nasaha wa waraibu, mahali pengi duniani, umejengwa juu ya dhana kwamba mgonjwa anaweza kuketi kwenye kikao cha saa nzima, akafuata mazungumzo ya watu kumi, akakumbuka wiki ijayo alichoahidi wiki hii, na akajizuia pale atakapokutana na kishawishi. Aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo hupungukiwa hasa na mambo hayo manne. Akisahau siku ya kikao huandikwa kuwa hana nia, akichoka na kuondoka katikati huandikwa kuwa mkaidi, akifoka hufukuzwa. Marekebisho yanayohitajika hayana gharama kubwa: vikao vifupi na vya mara kwa mara, maelekezo yaliyoandikwa kwenye karatasi, kengele ya simu ya kumkumbusha, jambo moja kwa wakati mmoja, na ndugu mmoja kuketi naye ili asikie yaliyosemwa. Daktari naye atakuwa mwangalifu na vidonge vya maumivu vya jamii ya afyuni, kama tramadoli, ambavyo huweza kumfungulia kijana mlango wa uraibu mwingine na, kwa aliyeumia kichwa, kuchochea kifafa. Muda nao ni muhimu. Tafiti za Marekani zimeonyesha mara kwa mara kwamba waliokuwa wakinywa hupunguza au huacha katika miezi ya kwanza baada ya kuumia, kwa kuogopa au kwa kukosa nguvu, kisha wengi hurudi katika mwaka wa pili. Maana yake upo mlango unaobaki wazi kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na katika muda huo ndipo mgonjwa amekwisha kuruhusiwa na wodi ya majeruhi na bado hajafika kwa watu wa uraibu.

Wale panya wa Ohio wana sehemu ya pili ya habari yao. Baadhi ya majike walioumia hawakurudishwa katika vizimba vitupu, wakawekwa katika vizimba vikubwa vyenye vitu vya kuchezea na kuchunguza, na hao hawakuzidisha unywaji. Ubongo ulikuwa umepigwa vile vile. Kilichotofautiana ni kizimba. Ukiitazama Kamwokya kwa habari hiyo utaona jinsi kijana aliyeumia anavyonyang'anywa kizimba chake kipande kwa kipande. Pikipiki ilikuwa ya mkopo, na marejesho ya kila siku yakikosekana mwenye mali huichukua. Bila pikipiki hana nafasi kwenye steji. Bila steji hana chama cha kuweka na kukopa wala wale watu wa kumtania asubuhi. Na mchumba, ambaye alikwisha kuchoshwa na hasira zake, hurudi kwao. Kinachobaki bila masharti ya kuingia ni geto na benchi la muuza waragi.

Kamwokya imewahi kukabili ugonjwa ambao jamii iliuita tabia mbaya. Mwishoni mwa miaka ya 1980, ukimwi ulipokuwa ukiondoa kaya nzima nzima, Wakatoliki wa mtaa huo walianza kuwatembelea wagonjwa vyumbani mwao, kuwaogesha, kuwapikia na kuwapelekea dawa, na kazi hiyo ikakua ikawa shirika la Kamwokya Christian Caring Community, ambalo baadaye liliongeza zahanati, shule na michezo ya vijana. Ustadi waliokuwa nao wale waliotembea ulikuwa wa kubisha hodi, kuketi kwenye mkeka na kurudi tena wiki inayofuata, na kwa kijana aliyeruhusiwa kutoka wodi ya majeruhi ustadi huo una thamani kuliko mashine nyingi. Mtu wa namna hiyo, mhudumu wa afya wa kijiji kama wanavyoitwa sasa, akipewa maswali machache, angeweza kuyaunganisha yale madaftari mawili bila hospitali yoyote kujengwa upya.

Maswali yenyewe yapo. John Corrigan na wenzake wa Ohio State walitengeneza mahojiano ya dakika chache ya kumtambua mtu aliyewahi kuumia ubongo, na siri yake ni namna ya kuuliza. Kijana wa Kamwokya akiulizwa kama amewahi kupata jeraha la ubongo atajibu hapana, na atakuwa mkweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alilipata. Kwa hiyo haulizwi hivyo. Anaulizwa kama amewahi kuanguka na pikipiki, kama amewahi kupigwa kwenye ugomvi, kama alianguka kutoka juu ya mwembe au mfenesi alipokuwa mdogo. Kisha, kwa kila tukio analolikumbuka, anaulizwa kama baada ya hapo kuna kipande cha siku ambacho hakimo kichwani mwake, na alikuwa na umri gani, na ni mara ngapi. Hapo ndipo hesabu huanza, na mara nyingi mama yake, aliyeketi pembeni akimenya matooke, ndiye anayemkumbusha ile ya kwanza.